Ukuta Nyuma ya Jiko la Mama

Jumatatu, 3 Machi

Saa kumi na mbili kasorobo. Nimezunguka rundo la mawe kabla ya chai, kama kila siku. Hakuna lililoondoka. Turubai ya simiti ilikuwa imefungwa kwa fundo ambalo si langu. Nimelifungua, nimetazama ndani, nimefunga upya. Viatu vya kazini vimejaa udongo mwekundu. Nimechelewa.

Fundi hufika saa mbili, mimi nikiwa tayari ofisini mjini. Hilo ndilo linalonisumbua. Yeye na msaidizi wake wana siku nzima na ukuta wetu. Mimi nina nusu saa asubuhi na nusu saa jioni.

Mama anasema nimekuwa kama askari wa benki. Amesahau Aprili iliyopita. Udongo wa kilimani ulishuka mchana ukaziba mlango wa jiko akiwa ndani. Akatokea dirishani na sufuria mkononi. Majirani walicheka kwa sababu ya sufuria. Mimi sikucheka. Ukuta huu ni wa kukizuia kilima kisirudi tena. Ukijengwa vibaya ni heri usiwepo, maana utaanguka wenyewe pamoja na udongo. Na Mama hukaa jikoni kutwa.

Jumatano, 5 Machi

Fundi anaitwa Mzee Gichuki. Asili yake Kiriaini, lakini amejenga huku Ruring'u tangu kabla sijazaliwa. Mama alimpata kanisani. Mimi nilitaka mkataba. Niliuchapa kurasa mbili, nikaacha mstari wa sahihi. Aliukunja mara nne, akauweka ndani ya kofia, akasema atausoma akipata miwani. Wiki mbili sasa. Bado uko kwenye kofia. Nimeuona ukitoka jasho.

Leo nimeomba ruhusa ofisini. Nimesema ni jino. Nimefika nyumbani saa tano na kusimama nyuma ya ua wa kaiyaba, upande wa barabara. Nimeona hivi: Gichuki huinua jiwe, huligonga kwa nyundo ndogo, hutega sikio. Mengine huyaweka kulia. Mengine kushoto. Ya kulia yanaingia ukutani. Ya kushoto, saa sita, msaidizi wake Mama Shiro aliyapakia kwenye mkokoteni na mtu akayasukuma mpaka barabarani. Mawe mazima. Hayakuwa na kasoro yoyote. Mawe yaliyonunuliwa kwa pesa ya dada yangu.

Tisa. Nimeandika tisa.

Sikutoka nyuma ya ua. Mtu mzima, nimejificha kwenye boma letu wenyewe, miiba ikinichoma begani. Nimerudi kazini nikamwambia msimamizi jino limetolewa.

Ijumaa, 7 Machi

Dada yangu Wangui amepiga simu kutoka Timau. Ni msimamizi kwenye shamba la maua, ana watu arobaini chini yake, na husema na mimi kama wa arobaini na moja.

"Umemuuliza?"

"Bado."

"Ndegwa, huyo ni mtu umeandika kazi. Unaogopa mtu umeandika kazi?"

Ndiyo. Naogopa. Ana umri wa baba yetu kama angekuwa hai. Mikono yake ni mipana kama mabeleshi. Na ninapomkaribia hunyamaza mpaka niondoke.

Wangui hajui habari ya katoni. Hakuna anayejua nyumbani. Mwaka juzi nilitia sahihi kupokea katoni za karatasi ofisini bila kuzifungua. Ndani yake mlikuwa na magazeti ya zamani. Miezi mitatu niliandikiwa barua za kujieleza. Nilisimama mbele ya meza ya watu watano na wote walikuwa na barua yangu mikononi. Sikufukuzwa. Lakini tangu hapo sitii sahihi chochote nisichokifungua, na hata nikifungua hufungua mara mbili.

Jioni nimetazama rundo tena. Mawe tisa mapya yapo, meupe kidogo kuliko mengine. Kwa hiyo wameuza mazuri wakaleta ya bei rahisi. Sijui. Nadhani.

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzima nyumbani. Nimekaa kwenye kigoda na kitabu ambacho sikukisoma.

Mambo mawili.

La kwanza. Nyuma ya ukuta, kati yake na kilima, hawajazi udongo. Wanatupa takataka. Vipande vya mawe vilivyovunjika, kokoto, hata matofali ya choo cha zamani. Mama Shiro anamwaga karai baada ya karai bila simiti yoyote. Nikisukuma mkono naweza kuufikisha mpaka kwenye kiwiko. Je, huo ni ukuta au ni shimo la taka lililofunikwa?

La pili, na ndilo baya zaidi. Kuna matundu. Wameacha nafasi kati ya jiwe na jiwe, karibu na chini, ya kupitisha ngumi. Kisha safu ya pili juu yake. Yote yanatazama mlango wa jiko la Mama.

Nilijikaza nikauliza. Nilikuwa nimeandaa sentensi tangu asubuhi.

"Mzee, haya matundu ni ya nini?"

Hakuacha kazi. "Ukuta nayo iko na kibofu, karani. Ukinyima yeye mahali pa kukojoa, itapasuka."

Mama Shiro alicheka mpaka akaweka beleshi chini. "Wacha kijana. Ameshinda na karatasi, hajawahi ona ukuta ikienda choo."

Nimerudi kwenye kigoda. Ati kibofu. Hivyo ndivyo mtu hujibu anapokuwa hana jibu. Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo, kwa siku yatakapohitajika.

Jambo dogo: akimaliza kila kipande hubonyeza kidole gumba kwenye simiti mbichi. Mama Shiro naye hufanya hivyo. Alama ndogo kila mahali. Sijui ni nani wa kuzisoma.

Jumanne, 11 Machi

Ofisini nimemuuliza mwenzangu wa meza ya pili, kwa mbali, kama habari ya mtu mwingine. Akajua mara moja. Mafundi huacha matundu ya kuingizia miti ya kupandia, akasema. Wakishuka huwa wamechoka na pesa iko mfukoni, hayazibwi. Nyumba ya mjomba wake Karatina ina matundu hayo mpaka leo, ndege wamezalia humo.

Basi. Matundu ya miti ya kupandia. Kazi isiyokamilika. Nilijisikia vizuri kidogo. Kumbe wasiwasi wangu haukuwa ugonjwa.

Sikukumbuka kujiuliza kama niliwahi kumwona Gichuki akipanda juu ya mti wowote. Ukuta wenyewe haujafika kimo chake. Naandika hili sasa na ninalipita haraka.

Jumamosi, 15 Machi

Wamemaliza. Ukuta ni mzuri kutazama, hilo siwezi kukana. Uzi umenyooka. Wangui ametuma sehemu ya mwisho ya pesa na Gichuki ameipokea kwa mikono miwili, akamshukuru Mama, akanipa mimi mkono mara moja. Mkono kama jiwe lililopata jua.

Matundu hayajazibwa. Nimeyapitia yote kumi na moja.

"Nitarudi kuchimba mtaro," alimwambia Mama. "Nimalize kwanza kuweka msingi ya jiko ya kanisa."

Nitarudi. Kila anayeondoka na pesa husema neno hilo. Mama alimpa maparachichi kwenye mfuko, akampa na Mama Shiro. Nilisimama nikitazama nusu mfuko wa simiti waliouacha chini ya turubai.

Jumapili, 16 Machi

Nimefanya.

Nilimwambia Mama tumbo linauma, nikabaki. Alipopita lango kwenda kanisani nilingoja dakika kumi, kisha nikavaa suruali ya zamani. Nilichana karatasi ya mfuko wa simiti, nikaikunja, nikaisukuma ndani ya kila tundu kwa fimbo mpaka ikakaza. Nikachanganya simiti na mchanga kwenye beseni la kufulia. Nikaziba. Nikalainisha kwa kijiko, maana mwiko walikwenda nao. Nikapangusa kingo kwa kitambaa chenye maji. Matundu kumi na moja.

Ni kazi safi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mtu asiyejua angedhani hapakuwa na kitu pale.

Mama hakugundua. Nimelala mchana huu kama mtoto, mara ya kwanza tangu zile katoni.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua imeanza. Siku tatu mfululizo. Mitaro ya barabarani imejaa, madarasa ya shule ya chini yanavuja, na ofisini tumeinua faili za rafu ya chini kabisa.

Ukuta wetu mkavu. Hautoi hata jasho. Mama amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akasema, "Tazama. Hata tone." Nilitaka kumwambia ni kazi ya nani. Nikanyamaza nikafurahi peke yangu.

Jumapili, 30 Machi

Nimefunga uzi kutoka mwisho mmoja wa ukuta mpaka mwingine, kwa uangalifu tu, hakuna sababu. Katikati jiwe limegusa uzi. Limeusukuma.

Labda sikuufunga vizuri. Nimeufunga tena. Umesukumwa.

Upana wa kidole kimoja.

Jumatatu, 31 Machi

Kidole kimoja na nusu. Na ufa. Unaanza karibu na chini na kupanda kati ya mawe kama ngazi. Mwembamba. Nimeingiza ncha ya kalamu ikaingia.

Niliketi chini kwenye matope. Mama alikuwa jikoni akipepeta maharagwe, hatua nne kutoka hapo. Alikuwa anaimba. Nikamwambia apike leo kwenye nyumba kubwa. Akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikasema hapana. Akasema basi nimuache, moto uko hapa na kuni ziko hapa.

Nimempigia Wangui. Nilisema ukuta unavimba. Nilisema pia habari ya mawe tisa, takataka nyuma ya ukuta, na matundu aliyoyaacha. Sikusema kilichotokea kwa matundu. Hakuuliza.

"Mwizi," akasema. "Na kanisa imempa jiko." Akakata. Baadaye akaniandikia kwamba ameongea na mwenyekiti wa kamati ya kanisa.

Nilihisi nafuu kubwa. Sasa lilikuwa kosa lenye mwenyewe. Nafuu hiyo ilidumu mpaka nilipolala.

Jumanne, 1 Aprili

Nimetembea kutoka kazini kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na magari. Chini ya uwanja kuna ukuta wa zamani wa mawe, unaoshika barabara. Nimepita hapo miaka minne.

Una matundu. Safu ya chini, safu ya juu. Nafasi ya kupitisha ngumi. Na kila tundu lilikuwa linatoa maji, mengine matone, mengine kama bomba, na chini ya kila tundu kuna mstari wa kijani wa ukungu uliokaa miaka mingi. Ukuta umesimama wima. Mama mmoja alikuwa anaosha gumboti zake pale.

Ukuta nayo iko na kibofu, karani.

Nilisimama kwenye mvua. Mwavuli ulikuwa mkononi, sikuufungua.

Sijamwambia mtu.

Jumatano, 2 Aprili

Gichuki amekuja. Hakuitwa na sisi. Alisikia kanisani kwamba ukuta wa Mama unaanguka, akaacha kila kitu akaja na Mama Shiro, wote wamelowa.

Nilikuwa nimefika kutoka kazini. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akapiga magoti, akapitisha viganja juu ya mawe. Akafika kwenye tundu la kwanza, pale ambapo palikuwa na tundu. Akapapasa. Akaenda la pili. La tatu. Mama Shiro naye akainama, akatazama kwa karibu.

"Hii si mkono yetu," akasema. "Hakuna kidole."

Ndipo nikaelewa alama zile. Kila kiungo walichokifunga wao kina kidole gumba cha aliyekifunga. Vyangu ni laini kama sahani.

Gichuki aliinuka polepole. Akanitazama. Hakukuwa na hasira. Alinitazama kama ninavyotazama sahihi ninayoifahamu, kwenye karatasi ambayo haikupaswa kuwa nayo. Kisha akamgeukia Mama.

"Maji iko nyuma na haina njia. Wacha nifungue sasa hivi."

Wakati huo simu yangu ikalia. Wangui. Mama akaniambia niiweke kwa sauti, kila mtu asikie. Ni kama Wangui alijua fundi yuko pale.

"Asiguse hiyo ukuta," Wangui akasema. "Umesikia, mzee? Nitaleta fundi wa huku Jumatatu, na chifu akiwa hapo. Ukishika jiwe moja utasema ilianguka ukitengeneza."

"Jumatatu ni mbali, mama," Gichuki akasema.

"Siku uliuza mawe yetu haikuwa mbali?"

Mama Shiro alifungua mdomo. Gichuki akamwinulia mkono. "Yale ilikuwa na ufa ndani," akasema kwa simu, taratibu. "Ukigonga inalia kama chungu imepasuka. Tulirudisha machimboni, tukapewa ingine. Moja kwa moja. Mama yako alijua."

Mama akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi nilikuwa na siku ishirini na nane za kumuuliza.

Wangui hakuamini. Akarudia: asiguse.

Mzee alikata miti miwili ya mgrevilea kwenye mpaka, Mama akikubali, akaegemeza ukuta. "Kuegemeza si kugusa," alisema. Akamsihi Mama asipike mle. Mama akasema atafikiria. Halafu wakaondoka na mvua.

Muda wote huo nilikuwa nimesimama na simu mkononi kama kibao cha kushikia simu. Sikusema neno. Ningeweza kusema. Maneno ni matatu tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Kamati imemsimamisha Gichuki. Jiko la kanisa atapewa mwingine. Mama ameleta habari hiyo akavua kitambaa cha kichwa, akaketi.

Vidole viwili na nusu.

Alipika jikoni. Nilisimama mlangoni mpaka akamaliza. Nilimwambia nasubiri chakula. Kwa kweli nilikuwa nasikiliza mawe.

Mimi ni mwoga. Nimeandika sentensi hii nikaitazama muda mrefu kuona kama kuna neno la kupunguza. Hakuna. Watu watano walinitaka nieleze kosa lisilokuwa langu kabisa, nikaeleza kurasa sita. Sasa kosa ni langu lote na sina hata mstari mmoja.

Ijumaa, 4 Aprili

Sikwenda kazini. Sikusema jino.

Saa moja asubuhi nilikuwa kwa Gichuki, ng'ambo ya mto mdogo, nyumba ya mbao. Miaka yote hiyo ya kujengea watu mawe na yeye analala kwenye mbao. Alikuwa anakamua. Nilisimama nyuma ya ng'ombe nikasema, "Ni mimi niliziba." Hakugeuka. Nikarudia.

"Najua," akasema. Akaendelea kukamua.

"Niambie kwa nini hukusema."

"Mbele ya mama yako?" Akaweka ndoo kando. "Na ungekuwa na jibu gani hapo, karani?"

Nilimpigia Wangui nikiwa pale pale, matope mpaka kwenye magoti. Nikamwambia yote. Karatasi ya mfuko, kijiko, tumbo la uongo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, kama Mama yuko jikoni. Nikasema labda. Akasema, "Basi mnangoja nini?"

Tulimkuta Mama akipuliza moto. Gichuki hakumbembeleza. Alimwambia, "Toka, nyanya, mwanao ako na kazi hapa," naye akatoka na sufuria. Kama Aprili iliyopita.

Alinipa mtaimbo. Sikutegemea hilo. Nilidhani atafungua yeye.

"Wewe ndiye unajua mahali," akasema. "Anza mwisho, si katikati. Na usisimame mbele yake."

Tundu la kwanza lilinichukua muda. Nilikuwa nimeliziba vizuri. Lilitoa kamasi ya karatasi, kisha matone. La pili, matone. Kwenye la tatu nilisahau nikasimama mbele. Simiti ilitoka yenyewe kama kizibo na maji yakanipiga kifuani, mekundu, baridi, yenye nguvu ya kunirudisha hatua mbili. Yaliingia mdomoni. Shati jeupe la ofisini.

"Karani amekojolewa," Mama Shiro akasema.

Mama alicheka. Kisha akanitazama, nikaona kwamba sasa anajua, na kicheko kikakatika. Nilifungua manane yaliyobaki. Uani palikuwa mto. Gichuki alichimba mtaro wakati huo huo, ule aliosema atarudi kuuchimba, na maji yakaufuata kuelekea barabarani.

Saa nane ukuta ulikuwa bado unatoa.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua imetulia. Sehemu ya katikati imebidi ishushwe na kujengwa upya. Wangui alisema atalipia, Gichuki akasema simiti tu, kibarua yuko. Kibarua ni mimi.

Nimebeba mawe siku nzima. Nimejifunza kugonga. Jiwe zima hulia kama chuma. Lenye ufa hujibu kwa uvivu. Nililiona moja tu peke yangu, Gichuki akaligonga tena, akalitupa kushoto bila kunisifu.

Takataka za nyuma ya ukuta nilizitoa na kuzirudisha kwa mikono yangu, karai baada ya karai. Maji hupita kati yake kwenda kwenye matundu. Mama Shiro alinieleza mara moja tu, kwa lugha nyepesi, bila utani. Ingenitosha tarehe nane Machi kama ningeuliza mara ya pili.

Mwisho wa siku Gichuki alinionyesha kiungo nilichokifunga mimi. Akangoja. Nikabonyeza kidole.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya ibada nilimwomba mwenyekiti nafasi kwenye kamati. Watu saba, meza moja. Nilikuwa nimeandika maelezo, lakini niliyaacha mfukoni. Nikasema mzee hana kosa, niliziba matundu yake nikiwa peke yangu, kwa siri, siku kama hii, nyinyi mkiwa hapa mnaomba. Mwanamke mmoja aliuliza niliziba na nini. Nikasema na kijiko. Kuna waliocheka. Niliwaacha wacheke.

Jiko amerudishiwa. Hakuja kunishukuru na sikungoja.

Mama amesema neno moja tu tangu Ijumaa. Jioni, akinipa chai: "Tumbo likiuma tena, niambie ukweli."

Jumatano, 30 Aprili

Saa kumi na mbili kasorobo. Nimefunga uzi kabla ya chai. Gichuki aliniambia niufunge kila asubuhi mpaka mvua iishe, na nimpelekee habari Jumapili.

Hakuna jiwe lililogusa uzi. Siku ya ishirini na tano.

Ilinyesha jana. Matundu yote kumi na moja yanatoa, la mwisho upande wa lango ndilo lenye nguvu. Mama ameweka ndoo chini yake. Maji yametakata, anaoshea vyombo. Chini ya tundu la tatu ukungu umeanza, kijani kidogo, mwembamba kama mstari wa penseli.

Nimeketi mlangoni mwa jiko nikisikiliza. Yanadondoka bila mpango, moja hapa, mawili kule. Mama anaimba ndani.

Nitachelewa kazini.